Soprano anapohamia kwenye pop: umfuate Charlotte Church, Sarah Brightman au Jackie Evancho?

Wapo wasikilizaji waliompenda mwimbaji alipokuwa akiimba kwa Kilatini na Kiitaliano, wakafuatilia albamu moja baada ya nyingine, kisha ghafla wakakutana na ngoma za mashine, gitaa la umeme na mapenzi ya ujana. Jina kwenye jalada ni lilelile. Waendelee naye, au wabaki na zile za zamani? Na wewe ambaye ndiyo kwanza unaanza, uanzie wapi ili usije ukamkataa mtu kwa sababu ya albamu ambayo haikukusudiwa masikio yako?

Nimewachukua soprano watatu, yaani waimbaji wa kike wa sauti ya juu kabisa: Charlotte Church wa Wales, Sarah Brightman wa Uingereza na Jackie Evancho wa Marekani. Kila mmoja aliiendea pop kwa njia yake. Church aliruka, Brightman alichanganya, Evancho alikwenda akarudi mara kadhaa. Sitawapanga kwa ubora. Ila kuna jambo moja ninaloliamini na litajitokeza kote humu: magomvi mengi ya wasikilizaji wao yanatokana na kila mtu kutojiuliza alikuwa akipenda nini hasa. Mmoja alipenda sauti, mwingine alipenda nyimbo, wa tatu alimpenda mtu. Mwimbaji akihama, vitu hivyo vitatu havihami kwa pamoja.

Kwanza tuelewane kuhusu krosova

Krosova ya klasiki ni muziki unaoichukua sauti iliyofundwa kwa namna ya opera, ukaiwekea kipaza sauti, nyimbo fupi na ufundi wa studio. Mwimbaji wa opera yenyewe husimama jukwaani bila kipaza sauti na bado akasikika juu ya okestra nzima hadi kiti cha mwisho. Ndiyo maana hufunzwa kwa miaka mingi. Hakuna hata mmoja kati ya hawa watatu aliyejenga jina lake kwa kuimba opera kamili namna hiyo. Walijulikana kwa kurekodi, kwa televisheni na kwa majukwaa yenye vipaza sauti.

Nalisisitiza hili kwa sababu lawama inayorudiwa zaidi ni kwamba “ameisaliti klasiki”. Wapenzi wa opera wenyewe hawakuwahesabu kuwa wao tangu mwanzo. Walioumia walipohama walikuwa wasikilizaji wa krosova, watu ambao mara nyingi walikutana na watunzi wa klasiki kama Puccini au Fauré kwa mara ya kwanza kupitia kwao. Uchungu wao ni wa kweli na haustahili kudharauliwa, ila tuuite kwa jina lake: hawakupoteza mwimbaji wa opera, walipoteza mlango ambao wao waliingilia.

Vigezo nilivyotumia

Nimewapima wote kwa mambo matano. La kwanza ni sauti: je, bado anaimba kwa sauti ya kichwa, ile nyepesi ya juu ambayo wanakwaya wa sauti ya kwanza wanaijua, au ameshuka kwenye sauti ya kifua, iliyo karibu na kuzungumza? La pili ni nyimbo, yaani alichoacha na alichochukua. La tatu ni studio, kwa maana ya ala, midundo na jinsi sauti ilivyowekwa mbele au kufunikwa. La nne ni mapokeo: nani alifurahi, nani aliondoka, na kwa nini. La mwisho ni anayefaa, pamoja na albamu ya kuanzia.

Kigezo cha sauti nimekipa uzito kuliko vingine, kwa sababu ndicho kinachowagawa watu hata wanapodhani wanabishana kuhusu nyimbo. Sikio lililozoea noti ndefu za juu huihisi sauti ya kifua kama upungufu. Sikio lililozoea pop huihisi sauti ya kichwa kama mtu anayeimba kwa mbali, asiyetaka kusema nawe moja kwa moja. Masikio yote mawili yana haki.

Charlotte Church: aliyeruka

Sauti. Church alizaliwa Cardiff mwaka 1986. Albamu yake ya kwanza, Voice of an Angel, ilitoka Novemba 1998 akiwa na miaka 12. Ilikuwa sauti nyoofu, ya wazi, yenye nguvu iliyouzidi umri wake. Alipotoa albamu yake ya kwanza ya pop mwaka 2005 alikuwa na miaka 19, na sauti ilikuwa imeteremka kifuani, ina ukwaruzo, ina kelele za makusudi pale wimbo unapozitaka. Wengi walihitimisha kwamba pop imemharibu. Mimi sikubaliani nao. Sauti ya msichana hubadilika kati ya miaka 12 na 19 hata kama angeendelea kuimba Pie Jesu, wimbo wa kanisa wa Kilatini, kila Jumapili. Ya mvulana huvunjika waziwazi, kila mtu akasikia. Ya msichana hujaa polepole, ikaongezeka hewa kwa muda, kisha ikapata rangi nyingine. Sauti ya malaika iliyokuwa ikitafutwa mwaka 2005 isingepatikana popote, kwa sababu mwenye sauti ile alikuwa amekua. Alichochagua mwenyewe ni mahali pa kuiweka ile mpya.

Nyimbo. Ruko lenyewe lilikuwa na ngazi ambazo watu huzisahau. Enchantment ya mwaka 2001 ilikuwa tayari imejaa nyimbo za michezo ya kuigiza ya muziki, pamoja na wimbo aliouimba na Josh Groban. Mapema mwaka 2003 aliimba kwenye wimbo wa dansi wa Jurgen Vries, na kwenye jalada hakuandikwa Charlotte Church bali CMC, herufi za majina yake matatu. Wimbo ule ulifika nafasi ya 3 nchini Uingereza. Kwangu hicho ndicho kipande chenye maana kuliko vyote katika safari yake: sauti yake ilisikilizwa kwa mdundo mpya kabla jina halijamzuilia. Baadaye ikaja Tissues and Issues, Julai 2005. Aliyemfuata zaidi ya hapo atakuta Back to Scratch ya mwaka 2010, kisha rekodi fupi nne kati ya 2012 na 2014 ambazo ni za majaribio na zenye giza zaidi, na hazifanani na pop ya redio wala na albamu za utotoni.

Studio. Pop ya Uingereza ya miaka ile: ngoma nzito, gitaa, waitikiaji, sauti mbele kabisa. Hakuna okestra ya kumficha.

Mapokeo. Tukiangalia chati, kuhama kwake hakukushindwa. Crazy Chick, wimbo wa Tissues and Issues, ulifika nafasi ya 2 Uingereza, na albamu yenyewe ikafika ya 5. Vijana wa rika lake walimpokea kama mwenzao. Waliotikisika ni watu wazima waliomjua akiwa mtoto na kumsikiliza nyumbani kama mjukuu mwenye kipaji. Na hapa lazima niseme wazi: sehemu kubwa ya maneno yaliyotupwa kwake hayakuwa juu ya muziki. Magazeti ya udaku ya Uingereza yalimwandama tangu akiwa msichana mdogo, na Novemba 2011 alitoa ushahidi mbele ya tume ya Leveson iliyochunguza mwenendo wa magazeti. Mwaka 2013, katika mhadhara uliobeba jina la mtangazaji wa redio John Peel, alieleza jinsi waimbaji wa kike, yeye akiwamo, wanavyosukumwa wavae nguo za kuwaanika kwenye video. Ukisoma maoni ya miaka ile kuhusu “malaika aliyeanguka”, yasome ukikumbuka hayo. Mtu aliyekuwa akihukumiwa ni msichana wa miaka 19 aliyekuwa akifanya kazi yake.

Anamfaa nani. Yule aliyempenda Church kwa ujasiri wake: kifua kilichojaa, kutojibana, mtu anayeimba kama anayemaanisha. Hayo yapo kwenye albamu ya 1998 na yapo kwenye ya 2005. Anzia Tissues and Issues ukitaka nyimbo za kushika haraka. Nenda kwenye rekodi fupi za 2012 na kuendelea ukitaka kusikia mwanamuziki anayejitafuta. Hamfai anayetaka aria, yaani wimbo wa mwimbaji mmoja kutoka opera. Huyo abaki na albamu mbili za kwanza bila kujiona mshamba.

Sarah Brightman: aliyechanganya

Sauti. Kwa Brightman hadithi inakwenda kinyume na wengi wanavyodhani. Alizaliwa mwaka 1960 na alianza kwenye pop. Mwaka 1978, akiwa na miaka 18, aliimba na kundi la wachezaji la Hot Gossip wimbo wa disko uliofika nafasi ya 6 Uingereza. Akaingia kwenye mchezo wa kuigiza wa muziki Cats mwaka 1981, akaolewa na mtunzi wake Andrew Lloyd Webber mwaka 1984, na Oktoba 1986 akawa wa kwanza kuigiza Christine, mhusika mkuu wa kike, katika The Phantom of the Opera jijini London. Katikati ya hayo, mwaka 1985, aliimba katika uzinduzi wa Requiem, misa ya wafu iliyotungwa na mumewe, pamoja na mwimbaji wa opera Plácido Domingo. Kwa hiyo aliporudi kwenye pop miaka ya 1990 alikuwa anarudi nyumbani, sasa akiwa na sauti mbili: ya kichwa, yenye mtetemo mwepesi na ncha inayong’aa, na nyingine ndogo, ya karibu, karibu kunong’ona. Hajawahi kuiacha yoyote kati ya hizo. Ndani ya wimbo mmoja huweza kuanza na ile ndogo na kupandia kwenye ile ya juu, na wapenzi wake husubiri kupanda huko kama watu wanaosubiri zamu ya fidla.

Nyimbo. Hapa ndipo utajiri wake ulipo, nami nitakaa kidogo. Alipoanza kufanya kazi na mtayarishaji Mjerumani Frank Peterson, aliyekuwa ameshiriki katika kundi la Enigma, walitoa Dive mwaka 1993, albamu ya pop yenye maudhui ya bahari. Baadaye wakavumbua njia yao: chukua kipande cha klasiki, kiwekee maneno au mdundo mpya, kiweke jirani na wimbo wa pop uliopunguzwa kasi, hadi msikilizaji asijue mpaka uko wapi. Eden ya mwaka 1998 ilileta Nella Fantasia, ambayo ni muziki wa filamu wa Ennio Morricone uliotiwa maneno ya Kiitaliano. Siku hizi soprano wa krosova karibu wote wanaiimba kana kwamba ni aria ya miaka mia mbili, na hata Evancho aliirekodi. La Luna ya mwaka 2000 ina wimbo uliojengwa juu ya sehemu ya pili ya Simfonia ya Saba ya Beethoven. Harem ya mwaka 2003 inaichukua aria maarufu ya opera ya Puccini, Madama Butterfly, na kuitia mdundo wa dansi. Wapo ambao hawajamsamehe hadi leo.

Harem hiyohiyo ina la kuwaambia watu wa pwani yetu, Muscat na Ghuba. Wimbo unaobeba jina la albamu umetokana na fado, muziki wa huzuni wa Kireno, na Kadim Al Sahir wa Iraki anaimba naye wimbo mmoja. Sikio lililolelewa na taarab, likijua fidla na ile ala ya nyuzi iitwayo kanuni zinavyojibizana, litasikia mara moja nini kimefanywa kwa kina na nini kimewekwa kama pambo tu. Mimi naona nyuzi za albamu ile zimefanyiwa kazi ya heshima, ilhali midundo yake imezeeka. Hukumu yako inaweza kuwa tofauti.

Studio. Tabaka juu ya tabaka. Sauti yake hurekodiwa mara nyingi na kulazwa juu yake yenyewe, ikazungushiwa mwangwi mrefu, kwaya, vinanda vya umeme na okestra. Anayependa sauti iwe uchi, kama kwaya inayoimba bila ala, atachoka haraka. Anayependa kuzama atapata bahari.

Mapokeo. Brightman ndiye aliyepoteza wasikilizaji wachache zaidi kwa sababu ya pop, maana hakuwahi kuwaahidi usafi wa aina moja. Wimbo aliouimba na Andrea Bocelli kwa ajili ya pambano la kuaga la bondia Henry Maske mwaka 1996 uliongoza chati za Ujerumani kwa wiki nyingi na kumfungulia Ulaya nzima. Miaka minne kabla yake alikuwa ameimba na José Carreras wimbo wa Olimpiki ya Barcelona, na mwaka 2008 akaimba na Liu Huan kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing. Lawama dhidi yake ni za namna nyingine. Wapenzi wa klasiki husema sauti ni nyembamba na studio inaisaidia mno. Wapenzi wa pop husema hajui kuimba jambo dogo kwa udogo wake, kila kitu lazima kiwe na ukungu na mabawa. Lawama zote mbili zina ukweli, na mashabiki wake wanazisikia bila kutikisika, kwa sababu ukungu huo ndio walioufuata.

Zanzibar wanaijua mivutano ya aina hii. Taarab ilipopata vinanda vya umeme na midundo ya kuchezesha, wapo waliosema imekufa na wapo waliojaza kumbi. Waliobaki na amani zaidi ni wale waliokubali kwamba ni burudani mbili, kila moja na ukumbi wake.

Anamfaa nani. Asiyetaka kuchagua. Unayependa aria lakini unachoka nayo ikifika dakika ya saba, unayependa pop lakini unaona ina haraka mno, huyu ni wako. Anzia Eden au La Luna. Ukitoka kwenye muziki wa Kiarabu au taarab, anzia Harem. Dive iache hadi utakapokuwa umemzoea.

Jackie Evancho: aliyekwenda na kurudi

Sauti. Evancho alizaliwa Pittsburgh mwaka 2000. Mwaka 2010, akiwa na miaka 10, aliimba aria ya Puccini, O mio babbino caro, kwenye shindano la televisheni la America’s Got Talent, na baadhi ya watazamaji hawakuamini kwamba ni yeye anayeimba. Alimaliza wa pili. Walimu wengi wa sauti huwa na wasiwasi mtoto anapobeba uzito wa sauti ya mtu mzima, na wasiwasi huo ulimfuata kwa miaka. Kinachonivutia ni kwamba sauti yake ilihamia pop bila kuvunja uhusiano na ile ya mwanzo. Rangi ya kati, ile yenye huzuni kidogo, imebaki. Noti ni za chini zaidi, pumzi inasikika, mtetemo umepungua, lakini ukifumba macho unamtambua. Kwa Church huwezi kusema hivyo.

Nyimbo. Dream With Me ya mwaka 2011, iliyotayarishwa na David Foster, ilifika nafasi ya 2 kwenye chati ya albamu ya Billboard. Kufikia Awakening ya mwaka 2014 alikuwa amechanganya nyimbo takatifu na za bendi za roki za Evanescence na U2. Kisha, Machi 2017, akatoa Two Hearts na kuigawa waziwazi: sehemu moja krosova aliyoizoea, sehemu nyingine pop mpya aliyoshiriki kuitunga. Ni nadra kumkuta mwimbaji akimwekea msikilizaji mezani vyakula viwili namna hii na kumwachia achague. Mwaka 2019 alihamia nyimbo za michezo ya Broadway ya miaka ya karibuni, na mwaka 2022 akatoa Carousel of Time, albamu nzima ya nyimbo za mtunzi na mwimbaji wa Kanada Joni Mitchell.

Studio. Kwenye Two Hearts, upande wa pop umejaa mashine kiasi cha kumfanya asikike kama waimbaji wengine kumi wa mwaka ule. Carousel of Time imepunguza ala hadi kubaki na nafasi kati ya maneno, na hapo ndipo uamuzi wake wa kushuka chini unapoeleweka. Nyimbo za Mitchell zimejaa maneno mengi yanayokwenda kwa mwendo wa mazungumzo. Ukiziimba kwa sauti ya kichwa iliyonyooshwa, konsonanti zinayeyuka na maana inapotea. Ilibidi aimbe kama anayesimulia.

Mapokeo. Two Hearts ilipokewa katika wakati mgumu. Januari 2017 Evancho alikuwa ameimba wimbo wa taifa kwenye kuapishwa kwa Donald Trump, na mjadala wa siasa ukafunika muziki. Ni vigumu leo kutenganisha waliomwacha kwa sababu ya pop na waliomwacha au kumkumbatia kwa sababu ya siku ile. Wale waliokaa kwa ajili ya muziki waligawanyika kwa upole kuliko wa Church: kuna wanaosikiliza nusu ya kwanza ya Two Hearts tu, na kuna waliojiunga naye kwenye Mitchell bila hata kujua kwamba aliwahi kuimba Puccini. Malalamiko yanayosikika zaidi ni kwamba anabadilika kila albamu na hakai mahali. Naliona hilo kuwa la haki kwa shabiki anayetaka kujua kesho atapewa nini. Lakini kwa mtu aliyeanza kazi akiwa na miaka 10, sijui ni lini tena angejaribu.

Anamfaa nani. Mpenzi wa rangi ya sauti. Kama kilichokushika ni ule mguso wa huzuni katikati ya noti na si aria yenyewe, mfuate hadi Carousel of Time. Kama bado una shaka, Two Hearts ndiyo mahali pa kujipima: sikiliza pande zote mbili siku moja, utajua wewe ni wa upande upi.

Chagua kulingana na hali yako

Unaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, umezoea Hallelujah ya Handel kwa Kiswahili kila Krismasi au Pasaka, na unatafuta wa kujifunza kwake: usianze na pop ya yeyote kati yao. Anza na albamu mbili za kwanza za Church kwa kusikia mstari ulionyooka, ila usijaribu kuiga sauti ya mtoto ukiwa mtu mzima; koo litakudai. Kisha msikilize Brightman anavyovuka kutoka sauti ndogo kwenda ya juu, hilo lina faida kwa mwimbaji wa umri wowote.

Umechoka na ubishi na unataka mtu asiyehama sana: jaribu Hayley Westenra wa New Zealand. Pure, ya mwaka 2003, ina wimbo wa Kimaori wa Pokarekare Ana na hata wimbo wa Kate Bush, lakini sauti inabaki palepale, ya juu na safi. Pop inamjia yeye, yeye haiendei.

Una kijana nyumbani anayependa pop na unatamani aonje klasiki: Brightman ndiye daraja rahisi zaidi. Mpe Eden kwanza, na akipenda kipande kimojawapo, mtafutie ule muziki wa asili kilikotoka. Njia hiyo inafanya kazi vizuri kuliko kumketisha mbele ya opera ya saa tatu.

Umependa maneno kuliko sauti, unataka kusikia kila neno: Evancho wa mwaka 2022.

Ulimpenda Church ukiwa na umri wake, ukaudhika mwaka 2005 na hukumsikiliza tena: rudi sasa, ukiwa mtu mzima, na uanze na zile rekodi fupi badala ya Crazy Chick. Huenda usizipende. Lakini utakuwa unamsikiliza mwanamke aliyezitengeneza, na hilo hakupewa na wengi wakati ule.

Na kama umesikiliza wote watatu na bado moyo unakurudisha kwenye aria pekee, bila mdundo na bila mwangwi, basi krosova ilikuwa njia yako ya kupita tu. Tafuta rekodi za waimbaji wa opera wenyewe. Anza na aria ileile ya Puccini aliyoimba Evancho akiwa na miaka 10, safari hii ikiimbwa na soprano aliyekomaa na okestra nyuma yake. Ni fupi, haifiki hata dakika tatu, na utajua mara moja kama ulichokuwa ukikitafuta kipo huko.